Nyumba Iliyokosa Sauti ya Nne

Usiku wa jana niliota sauti yangu imeamka kabla yangu, imevaa viatu vyangu vya kanisani na inafungua mlango bila hata kunisalimu.

Nikaiita. "We, unakwenda wapi?"

"Kutafuta pa kusimama," ikajibu. "Wewe lala. Si umeambiwa ukae?"

Sikuikasirikia, ilikuwa na haki yake. Jumamosi iliyopita, kwenye mazoezi ya kwaya, Mwalimu Elineema alikata wimbo katikati, akanijia taratibu kama mtu anayeleta habari ya msiba. "Bibi," akasema, "sauti yako imekuwa nzito. Ya kwanza huifikii tena. Ya pili unaivuta chini, na wenzako wanakufuata mpaka shimoni. Tumekuwekea kiti pale mbele. Wewe utakaa, utusikilize."

Kiti chenyewe kizuri, kina mto. Lakini mimi nimeimba katika kwaya ile tangu nikiwa msichana. Nimeimba na mimba, nimeimba na mtoto mgongoni. Sasa nina kiti.

Siku hiyohiyo mchungaji alitutangazia kwamba mwakani tutapokea wageni, kwaya ya wanaume kutoka Amerika. Akatueleza habari zao: walioianzisha walikuwa Wajerumani waliohama kwao zamani, wakaanza kuimba kwenye chumba cha nyuma cha duka la soseji, wanaume watupu. Basi wiki nzima nimelala na hayo mawili, kiti na soseji, nikijigeuza kitandani mpaka shuka linakuwa kamba.

Naifuata sauti yangu. Niko peku. Jua liko juu, saa za watu kurudi kutoka shamba. Napita kwenye matuta yetu ya tangawizi, nazunguka nyuma ya choo, na nyuma ya choo pana barabara ya mawe na duka la soseji.

Soseji zimening'inia dirishani zinaimba do re mi, kila moja kwa urefu wake. Ile ndefu imekosea, fupi zinaicheka.

"Samahani," nasema, "mmeiona sauti ya mtu imepita hapa na viatu vyeusi?"

"Imeingia ndani," inasema ile ndefu. "Wahi, nyumba inaondoka."

Na kweli nyumba inaondoka. Inajikokota barabarani kama ng'ombe aliyekata kamba, bomba la moshi linayumba. Nashika nguzo ya baraza, nakunja kanga, nadandia. Kwa umri wangu sikutegemea, lakini nguzo ilinivuta mkono.

Mlangoni kuna msumari, na kwenye msumari yametundikwa masharubu. Hayana mtu. Ni meusi, mazito, yamepakwa mafuta, ncha zimepinda kuelekea juu.

"Kanuni ya kwanza," yanasema. "Mwanakwaya awe na masharubu."

"Shikamoo," nasema, maana siujui umri wake.

"Marahaba. Sogea kwenye mwanga."

Nasogea. Yanatazama kidevu changu. Hapo niseme ukweli: nina nywele chache kidevuni, ngumu kama za mswaki. Mkwe wangu Navoneiwa huning'olea kwa kibano kila Jumamosi kabla ya mazoezi, akisema, "Mama, usiniaibishe mbele ya wanakwaya." Sasa zilikuwa zimeota za wiki nzima.

Masharubu yanafikiri. "Zimekosea njia kidogo," yanasema, "lakini ni zako mwenyewe. Pita. Nimewahi kukaa kwenye midomo mibaya kuliko huo."

Napita. Ndani ni chumba kimoja kikubwa, kinanuka moshi, bia na nyama yenye viungo. Wanaume wapo kila mahali isipokuwa kwenye viti. Wengine wamesimama juu ya kabati, vichwa vimegusa dari. Wengine juu ya meza. Wengine sakafuni. Wanaongea Kijerumani, nami nasikia Kipare, tena kile cha watu wa huko juu kabisa mlimani, cha kuvuta maneno.

"Mbona mmepanda kabati?" namuuliza mmoja, mwembamba, mwenye aproni ya fundi viatu.

"Kanuni ya pili," anasema. "Kila mtu asimame kwenye sauti yake. Ya kwanza iko huku juu. Mimi ni Gottlieb. Mama, nakuomba, nisogezee huo mkato, nakufa."

Naangalia. Ukutani kuna mikato, ile alama ndogo tunayoiona kwenye vitabu vya nyimbo, imepigiliwa kama ndoano, na kwenye kila ndoano umetundikwa mfuko wa pumzi. Kanuni ya tatu ni kwamba pumzi ivutwe penye mkato tu. Gottlieb amekuwa wa bluu. Naung'oa mkato mmoja, nampa, anavuta mfuko wote kwa mara moja.

"Asante," anasema. "Wimbo huu umetungwa na mtu asiye na mapafu."

Nyumba inapiga kona. Naangalia dirishani, naona bahari. Nageuka kumwambia Gottlieb kuna bahari. Nikitazama tena ni shamba la mahindi. Halafu ni soko la Same, watu wanabishania bei ya vitunguu, hawatuoni. Halafu ni bahari tena.

"Tunakwenda wapi?"

"Muulize Bwana Traugott."

Bwana Traugott ndiye mwenye duka na mwenye kwaya. Mtu mkubwa, mchinja nguruwe, ana shingo kama kinu. Mkononi ana kile chuma chenye meno mawili ambacho mwalimu wa kwaya hukigonga ili watu wapate sauti ya kuanzia. Nikamsalimu, nikamuuliza kama naweza kuitafuta sauti yangu humu.

Akakigonga chuma gotini.

"La," kikasema chuma.

"Usikijali," akasema Traugott. "Hakijui neno jingine. Tafuta tu. Lakini jishikilie, nyumba yetu haijatulia."

"Kwa nini haitulii?"

Akaketi juu ya pipa. Pipa likaguna.

"Mama," akasema, "sisi tulihama. Tulipanda meli, tukashuka kwenye meli, tukanunua mbao tukajenga. Lakini nyumba ikakataa kukaa. Kila tukianza kuimba inaondoka. Mke wangu anapanda kabichi asubuhi, jioni kabichi zimebaki nchi nyingine. Watoto wetu hawajui jirani ni kitu gani. Tulihama, ila hatujafika."

"Mmekosa nini?"

Akanionyesha katikati ya sakafu. Pale palikuwa na shimo la mraba, na ndani ya shimo kigoda kitupu. Upepo ulikuwa unatoka humo.

"Sauti ya nne," akasema. "Sauti ya nne, ile nzito kabisa, ndiyo inayoikalisha nyumba chini. Alikuwa nayo Leberecht. Akabaki bandarini kumuaga mama yake, akasema tutangulieni, nitawafuata."

"Akafuata?"

"Anafuata mpaka leo. Lakini nyumba haikai mahali, atatupata wapi?"

Wanaume wa juu ya kabati wakavua kofia. Dari ilikuwa karibu, kofia zikakwama.

"Leo adhuhuri ndiyo mara yetu ya kwanza kuimba mbele ya watu," Traugott akaendelea. "Shimo likibaki tupu, basi. Nyumba imeanza kunusa maji. Itarudi baharini na sisi ndani, na safari hii si meli, ni nyumba ya mbao yenye madirisha."

Hapo ndipo nikaiona sauti yangu. Imekaa ukingoni mwa shimo, miguu inaning'inia, viatu vyangu vya kanisani vimejaa vumbi.

"Hapa," ikaniambia. "Nimezunguka kote. Hapa ndipo pangu."

Wanaume wakageuka wote. Hata soseji zilinyamaza.

"Hii sauti ni ya nani?" akauliza Traugott.

"Yangu."

"Wewe mwanamke."

"Ndiyo, na ni bibi wa wajukuu."

"Masharubu yamempitisha!" akapiga kelele Gottlieb kutoka juu.

"Masharubu yalimpitisha hata paka," akasema mmoja wa mezani, fundi mapipa aitwaye Ottokar.

"Na yule paka aliimba vizuri kuliko wewe, Ottokar."

"Shuka useme hivyo hapa."

"Siwezi kushuka, mimi ni sauti ya kwanza!"

Traugott akainua mkono, wakanyamaza. Hakuwa na hasira, nadhani ingekuwa nafuu. "Kanuni ya nne," akasema, "kwaya hii ni ya wanaume. Niliiweka mimi. Mama, usinielewe vibaya. Kwetu tuliimba hivi, wanaume peke yetu, tangu babu zetu. Nimeacha nyumba, nimeacha makaburi, mkate wa huku si mkate. Nimebakiwa na hili moja lililo kama lilivyokuwa. Nikiligeuza hili, ndipo nitakuwa nimehama kweli."

Nilikifikiria kile kiti chenye mto. Nikasema, "Mimi nisipoimba hapa, nakwenda kukaa."

"Basi tupige kura," akasema. "Ndivyo tunavyofanya kwa kila mgeni."

Kura yao iko hivi. Kila mwanakwaya anapewa punje mbili za haragwe, nyeupe na nyeusi. Nyeupe ni karibu, nyeusi ni kwaheri. Anatumbukiza moja ndani ya sanduku, na ile iliyobaki anaimeza palepale, ili uamuzi wake ukae tumboni mwake na asiulizwe na mtu. Na nyeusi moja tu inatosha kumfukuza mwombaji. Sanduku lenyewe lina mdomo na meno ya mbao. Ni zee, linatafuna kila punje kabla ya kuisoma.

Wakaniweka nyuma ya pazia, maana mwombaji haruhusiwi kuona. Sauti yangu wakaiacha ukingoni mwa shimo, imekunja mikono.

Nyuma ya pazia nawakuta wake zao. Wamezunguka bendera ya kwaya wanaitarizi kwa uzi wa dhahabu, na kila mmoja ana pini mdomoni, midomo imebanwa. Hiyo nayo ni kanuni. Mwanamke mwenye pini mdomoni hawezi kuanza kuimba kwa bahati mbaya.

"Karibu, dada," anasema mmoja kupitia kwenye pini. Ni Ottilie, mke wa Traugott. "Unajua kushona?"

"Vifungo tu."

"Angalau yeye anajua vifungo," inasema bendera. "Mimi nashonwa na wanawake, nabebwa na wanaume, na hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni sauti ya ngapi."

"Nyamaza, utapata mkunjo," Ottilie anaiambia. Kisha ananigeukia. "Na nyumba yako wewe, iko wapi?"

"Kwetu, milimani."

"Ndiyo, lakini leo iko wapi?"

"Palepale. Iko palepale siku zote. Nyuma yake kuna choo, mbele kuna tangawizi."

"Palepale," anasema Ottilie. Anajichoma kidole, haoni hata damu. "Wenzangu, mmesikia? Palepale."

Mbele ya pazia naisikia kura inaanza. Punje inaanguka, mtu anameza. Punje inaanguka, mtu anakohoa. Ottokar anapaliwa, wanampiga mgongoni. Lakini nyumba inazidi kuyumba. Bahari imeingia dirishani, sasa haitoki. Maji yanalamba kizingiti. Kabati lenye sauti ya kwanza linateleza kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule, na wanaume juu yake wanapunga mikono kama wanamuaga mtu.

Halafu nyumba inaanza kulia.

Hailii kama mbao. Inalia kama mtoto mwenye tumbo, kwanza kwa kununa, halafu kwa kukatakata, halafu ule mlio mrefu wa kukaza miguu. Wale wanawake wananiangalia. Wote wamelea, wote wanaujua mlio huo, lakini wana pini.

Mgongo wangu ulielewa kabla yangu. Nikageuka nikauegemeza ukutani, nikazungusha kanga yangu kwenye nguzo mbili za pazia, nikaifunga kifuani, nikaibeba nyumba. Ilikuwa nzito kiasi. Nimewahi kubeba mizigo mizito kuliko hiyo, na mjukuu wangu Elisifa alikuwa kama jiwe la kusagia.

Nikaanza kuguna. Si wimbo. Ni ule mguno wa kumlaza mtoto huku unapalilia, mm, mm, hauna maneno wala mikato. Mtoto wa mgongoni hakusikii kwa masikio. Anakusikia kwa mfupa wa mgongo wako, na mfupa hautaki sauti ya juu. Kila mtoto niliyembeba alilala kwa sauti hii hii nzito niliyo nayo.

Nyumba ikakwama kidogo. Ikashusha pumzi. Ikajinyoosha upande mmoja kama anayetafuta pa kuweka shavu, ikalaza ukuta begani kwangu. Kabati likasimama. Maji yakajiondoa mlangoni pole pole, kama mgeni aliyegundua kakosea nyumba.

Ikalala.

Na katika ukimya ule nikasikia kitu ambacho wale watu walikuwa hawajakisikia tangu wajenge. Mlangoni palibishwa hodi. Ni kweli, nani angeweza kubisha hodi kwenye nyumba inayotembea?

"Hodi humu!" ikaita sauti ya mwanamke kutoka nje. "Wageni, mmehamia lini? Nimewaletea mkate. Hizi kabichi ni zenu?"

Ottilie akatema pini zote.

Pazia likavutwa. Ni Traugott. Wenzake wameshapiga kura, amebaki yeye. Kwenye kiganja chake kikubwa zimelala punje mbili, nyeupe na nyeusi.

"Nani alikuwa anaimba?" anauliza.

"Hakuna aliyeimba, Bwana. Nabembeleza nyumba."

"Kwa sauti ipi?"

"Hii niliyo nayo."

"Hiyo ni sauti ya nne."

"Mimi siijui namba yake. Naijua kazi yake."

Anamtazama mkewe. Ottilie anaelekeza kidole mlangoni, ambako yule mwanamke wa mkate bado anabisha. Traugott anazigeuzageuza punje kiganjani.

"Nikienda kufungua ule mlango," ananiambia taratibu, "nimefika. Unaelewa? Sitaweza tena kusema niko njiani."

"Naelewa," namwambia. "Lakini yule mama ameshika mkate, mkono utachoka."

Akaenda kwenye sanduku. Alinipa mgongo, sikuona aliyoitumbukiza. Nikasikia tu imeanguka. Halafu alipaswa kumeza ile nyingine, lakini akarudi kwangu, akanishika mkono, akaiweka kiganjani na kunifumba vidole kimoja kimoja.

"Meno yangu mabovu," akasema. "Nishikie. Usifungue mpaka sanduku limalize kusoma."

Nikaikamata. Ilikuwa na joto la mkono wake.

Sanduku likaanza. Likatafuna. "Nyeupe," likasema.

Likatafuna. "Nyeupe."

"Soma haraka, wewe!" akapiga kelele Gottlieb.

"Nina meno ya mbao," likajibu sanduku. "Nyeupe." Likatafuna tena. Likafika kwa Ottokar, nikakaza fundo la kanga. "Nyeupe," likasema, na Ottokar akatazama dirishani kama mtu asiyehusika.

Ikabaki ya mwisho. Sanduku likaiweka ulimini, likaigeuza upande huu, likaigeuza upande ule. Sauti yangu ikasimama ukingoni mwa shimo. Nyumba mgongoni ikafumbua jicho moja.

"Nye..." likasema sanduku.

"Mama! Mama, amka, kumekucha!"

Nikafumbua macho. Ni Navoneiwa, ana chai mkono mmoja na kibano mkono wa pili.

"Ndiyo kulala gani huko?" akasema. "Umekaa kitako, mgongo ukutani, kanga umejifunga kama mwenye mtoto. Usiku kucha unaguna mpaka Elisifa kauliza kama ng'ombe ameingia ndani. Lakini alilala, alilala vizuri mno, mpaka sasa bado hajaamka."

"Leo Jumamosi?"

"Jumamosi. Utakwenda mazoezini? Lakini Mama, si lazima. Kukaa kwenye kile kiti unaweza kukaa hata hapa."

Mkono wangu wa kulia ulikuwa umefumba ngumi, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa kubana. Nikavifungua kimoja kimoja.

"He," akasema Navoneiwa, akainama. "Haragwe? Tena jeusi! Umelitoa wapi, Mama? Sisi hapa ni mekundu na ya njano tu. Jeusi sijawahi kulipika tangu niolewe."

Nikaligeuza kwenye mwanga. Lilikuwa jeusi kabisa, zuri, na bado lina joto.

"Alikuwa nazo mbili," nikasema.

"Nani?"

"Hii ndiyo ambayo hakuitumbukiza."

Navoneiwa akanitazama kama anayepima homa kwa macho. Akaweka chai chini, akakaa kando yangu, akainua kibano.

"Haya, leta kidevu tuwahi," akasema.

"Leo ziache."